Mfereji Wenye Sura ya Kale

Je, kitu kilichozaliwa jana kina haki ya kuvaa sura ya babu yake? Swali hili wanafikra wameliuliza mara nyingi juu ya majumba, juu ya sanamu na juu ya mashairi. Juu ya mfereji wa jikoni limeulizwa kwa nadra, ingawa huko ndiko linakowafikia watu wengi zaidi. Si kila mja hujenga kasri, wala si kila mja hutunga utenzi. Lakini kila nyumba inayokarabatiwa hufika siku ikatiwa sinki jipya, na sinki jipya likataka mfereji, na mwenye nyumba akatakiwa achague.

(Mfereji ni jina la Unguja na Mombasa kwa kile ambacho wengine hukiita bomba au koki, na ambacho kamusi hukiita bilula. Jina hilo lina ukarimu wake: mfereji ule ule unaopitisha maji shambani ndio unaoyatoa ukutani, kana kwamba lugha haikuona haja ya kutenganisha njia ya maji na mdomo wake.)

Ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya mji wa Lamu. Kuta ni za mawe na chokaa, dari ni ya boriti, mlango una misumari ya shaba. Karo la saruji lililotumika miaka na miaka limekwisha kuvunjwa, na mahali pake pamekalishwa sinki la kauri nyeupe, zito, lenye kina cha kumeza sufuria ya pilau. Bibi wa nyumba hiyo hautaki mfereji wa kisasa wenye mkono mmoja, ule unaong'ara kama kifaa cha hospitali. Anautaka ule unaouzwa kwa jina la mfereji wa kimapokeo: vishikio viwili, kila kimoja kina mabawa manne na kifungo cha kauri katikati, kipande cha bomba kinachoviunganisha mfano wa daraja, na shingo ndefu iliyopinda kama ya korongo. Umetoka kiwandani karibuni. Sura yake ni ya majiko ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria na mwanawe Edward.

Wa kwanza kumcheka atakuwa mtu wa asili. Atauliza: mapokeo ya nani? Jiko la pwani lilijua mtungi na kata ya kifuu, lilijua kisima na ndoo. Nyumba kongwe za Lamu zilijua birika, na ndani ya birika wakawekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mkono ulichota, maji hayakuamrishwa kutoka ukutani. Mwenye kutaka mapokeo, basi, na anunue mtungi.

Hoja hii ina ladha, lakini haifiki mbali. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliipiga Unguja kikaua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta maji ya chemchemi mpaka mjini kwa mabomba. Bomba la chuma, kwa hiyo, lina zaidi ya karne moja Unguja, na liliingia kwa sababu nzito kuliko urembo. Beit al Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, ilikuwa siku yake kitu kipya kuliko vyote kisiwani. Kila kinachoitwa cha kale hapa kilishuka siku moja kutoka jahazini au merikebuni. Asili ya kitu ni hakimu dhaifu. Akiachiwa kesi hii, atatoa hukumu ambayo itaibomoa nusu ya mji.

Mshitaki wa pili ana nguvu zaidi. Yeye hasemi kuwa mfereji ule ni wa kigeni. Anasema kuwa ni mwongo.

Ushahidi wake ni huu. Mfereji wa kale ulikuwa wa shaba ya manjano mpaka ndani, ama ulipakwa nikeli. Kromu ing'aayo haikuanza kutumika viwandani kwa wingi ila katika miaka ya 1920, hivyo mfereji wa "zama za Victoria" wenye kromu umevaa nguo ambayo Malkia huyo hakuwahi kuiona. Ndani ya mfereji wa kale mlikuwa na skrubu ndefu iliyobeba washa ya mpira au ya ngozi. Ukizungusha kishikio, washa ile hushuka ikakaa juu ya tundu na kuyaziba maji. Mfereji wa namna hiyo ulipewa hataza mwaka 1845 huko Rotherham, Uingereza. Mabawa manne ya kishikio hayakuwa pambo. Kuisukuma washa ipambane na msukumo wa maji kulitaka nguvu, na mkono wa mpishi umelowa na una sabuni. Mabawa yalimpa pa kushika. Sasa fungua mfereji mwingi unaouzwa leo kwa jina la kimapokeo. Ndani yake utakuta visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na robo ya mzunguko inatosha kufungua maji yote. Kidole kimoja kingeweza kazi ile. Mabawa yamebaki, sababu imeondoka.

Je, huo ni uongo? Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ameisikia kesi hii zamani, mbele ya baraza jingine. Sheikh Amri Abedi aliziandika sheria za utungaji mwaka 1954, na vina na mizani vikawa na kitabu chao. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na wengine wakaona kuwa nyumba imebomolewa, wengine wakaona kuwa dirisha limefunguliwa. Katika ugomvi ule mrefu lilisemwa neno moja ambalo pande zote mbili hazikulipa uzito wake: vina vilikuwa na kazi. Utenzi uliimbwa mbele ya watu wasioshika karatasi. Kina kilimwambia msikilizaji mshororo umekwisha wapi, na kilimsaidia mwimbaji akumbuke kinachofuata. Shairi linaposomwa kimya, kwa jicho, kazi ile hupungua, na vina huwa kama mabawa ya mfereji wa visahani vya kauri. Lakini lichukuliwe shairi lile lile lipelekwe kwa waimbaji wa taarabu, na sababu iliyokuwa imeondoka inarudi kwa miguu yake. Sura ya kale inaweza kukaa muda mrefu bila kazi, kisha kazi ikaikuta iko pale pale.

Kwa hiyo pambo peke yake si uongo. Katika fremu za milango ya Unguja umechongwa mnyororo wa mbao, na hakuna mwizi wala mgeni aliyepata kuudhania kuwa ni mnyororo wa kufungia. Uongo unataka mtu anayeutegemea. Mabawa yasiyohitajika hayamdanganyi mtu: anayashika, anazungusha, maji yanatoka. Sura ya kale husema uongo pale inapotoa ahadi ambayo mkono utaitegemea na kitu chenyewe hakiwezi kuitimiza.

Na ahadi ya namna hiyo ipo katika mfereji anaoutaka bibi wa nyumba. Ni kile kishikio cha pili. Mfereji wa daraja una kishikio cha maji ya moto na cha maji ya baridi, na majiko mengi ya Mji Mkongwe hayana bomba la maji ya moto. Maji hupashwa kwenye birika la chai au sufuria. Fundi, akiambiwa autie hivyo hivyo, huziba upande mmoja. Kishikio kinabaki kizuri, kina kifungo chake cha kauri na herufi yake, na ukikizungusha hakitoi tone. (Herufi zenyewe ni fitina nyingine: katika mifereji yenye mtindo wa Ufaransa C ni ya maji ya moto na F ni ya baridi, na aliyezoea Kiingereza ataiona C akadhani ni baridi.) Mgeni atakizungusha, atasubiri, atauliza. Mtoto wa nyumba atajifunza kuwa jikoni mwao kuna kitu kilichowekwa ili kitazamwe na wageni, na kwamba si vizuri kukigusa. Ni jambo dogo, lakini nyumba ndiyo shule ya kwanza ya namna hii ya kuona mambo.

Ahadi ya pili inahusu msukumo. Maji ya Mji Mkongwe huja kwa saa zake. Kwa hiyo nyumba huweka tangi juu ya paa, na mfereji hunyweshwa na tangi. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo unaolingana na uzito wa hewa ya anga. Tangi lililo mita 3 juu ya mfereji lina chini ya thuluthi ya msukumo huo. Mifereji mingi mipya, hata ile yenye sura ya bibi kizee, imetengenezwa kwa miji ambayo bomba la mtaani lina nguvu. Ndani ina njia nyembamba na mdomoni ina chujio. Ikinyweshwa na tangi la paani hutoa uzi. Ndipo husikika mazungumzo ya aina hii:

"Bi mkubwa, huu utataka pampu."

"Na umeme ukikatika, fundi wangu?"

Fundi hukaa kimya, kwani aliyekuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, hahitaji kuelezwa maana ya maji yanayongoja umeme. Ndoo zilirudi, na foleni za visimani zikarudi, na waliobeba walikuwa wanawake na watoto. Mfereji wa washa ya mpira wenye njia pana, ule wa kale kwelikweli, hauombi pampu. Ulizaliwa katika nyumba za Uingereza zenye tangi lao darini, zinazotegemea uzito wa maji tu. Kwa hesabu hii, aliyejali sura akasahau tumbo amepoteza kile ambacho ukale ungemfaa.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama Uingereza yenyewe, kwani jibu la bibi wa nyumba limelala huko, na limelala mahali pa kuchekesha. Wageni wengi waliofika Uingereza wamelicheka sinki la Kiingereza lenye mifereji miwili mbalimbali, mmoja wa moto unaounguza na mmoja wa baridi unaogandisha, na hakuna mahali maji hayo yanapokutana ila katika kiganja cha mwenye bahati mbaya. Ulionekana ni ukaidi wa taifa. Alfred Moen, kijana wa Marekani aliyeunguzwa mikono na maji ya mfereji mwaka 1937, aliona kero hiyo hiyo akabuni mfereji wa mkono mmoja, ukaingia sokoni mwaka 1947. Dunia ikamfuata. Waingereza wakachelewa.

Walikuwa na sababu. Kwa vizazi vingi, maji yao ya baridi ya jikoni yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, yakanyweka. Maji ya moto yalitoka kwenye tangi la darini, ambamo vumbi liliingia, na wakati mwingine ndege au panya akafia humo. Kanuni za maji hazikutaka maji yaliyolala yapate njia ya kurudi kwenye bomba la watu wote. Mifereji miwili ilikuwa ndiyo sheria hiyo katika umbo la shaba. Hata mfereji wa shingo moja ulipokubaliwa jikoni, shingo yake aghalabu ilitiwa ukuta ndani, mikondo miwili ikaenda sambamba bila kugusana, ikakutana nje tu, hewani. Kile kilichoonekana ukaidi kilikuwa adabu kwa jirani: maji yangu yaliyolala yasikurudie wewe.

Na hali hiyo hiyo, herufi kwa herufi, ndiyo ya nyumba ya Mji Mkongwe. Kuna maji yanayokuja mtaani kwa saa zake, na kuna maji yaliyolala tangini. Yanapochanganywa katika mfereji mmoja, mpishi hajui ameyashika yapi. Na bomba la mtaani linapokauka, maji ya tangi yakipata upenyo huweza kuteremkia huko, tangi likakutwa tupu asubuhi. Mifereji miwili iliyosimama mbalimbali juu ya sinki, mmoja wa mtaani na mmoja wa tangini, humwambia mpishi ukweli kila anapozungusha. Akifungua wa mtaani ukatoa hewa tu, amejua kuwa maji yamekatika, na atayatumia ya tangini kwa hesabu. Maji ya kunywa huchemshwa vyovyote vile; lakini kujua ulichonacho ni jambo jingine. Sababu iliyoizaa sura ile huko London imevuka bahari na kuikuta sura yake dukani, Unguja, ikiuzwa kwa jina la urembo.

Basi bibi wa nyumba ana haki ya ukale anaoutaka, na anaweza kuupata bila kusema uongo: mifereji miwili mifupi ya kusimama, ya shaba, yenye washa ya mpira na vishikio vya mabawa manne, kila kimoja kikiwa na maji yake. Daraja na shingo ya korongo aziache. Atapoteza kidogo. Shingo ndefu hujaza sufuria kubwa kwa urahisi, na mifereji mifupi hukaa pembeni mwa sinki ikambidi mtu asogeze chombo. Hiyo ni hasara ya kweli, na mwenye kupika kwa ajili ya watu wengi ana haki ya kuipima kwa mizani yake.

Kuna hasara nyingine nzito zaidi, na hapa msimamo wa kimapokeo unapaswa kuinama. Washa ya mpira huzibwa kwa nguvu ya mkono. Kijana akiifunga kwa pupa, bibi mwenye maumivu ya viungo hawezi kuifungua. Mfereji wa Moen unafunguliwa kwa kiwiko. Nyumba yenye mzee anayepika, au mtu ambaye vidole vyake havikunji, haina hoja ya urembo wala ya historia inayoweza kushinda hilo, na mwenye kuilazimisha anafanya ibada ya shaba.

Jambo hilo linafunua tatizo ambalo maduka hayalitaji. Anayechagua mfereji ni mwenye fedha; anayeushika mara hamsini kwa siku ni mwingine, mara nyingi msichana wa kazi aliyetoka shamba au bara, ambaye hakuulizwa. Mmoja ataishi na sura yake, mwingine na uzito wake. Majumba mengi yaliyokarabatiwa kwa ajili ya wageni yamejaa vitu vya namna hii: vyungu ambavyo havipikiwi, vitanda ambavyo havilaliwi, vinavyotaka kufutwa vumbi kila asubuhi na mtu mmoja yule yule. Kabla ya fundi kutoboa, angeitwa yule msichana asimame mbele ya sinki, mikono ikiwa na sabuni, ajaribu kufungua na kufunga. Maoni yake yangekuwa elimu kuliko picha za vitabu vya matangazo.

Wako watakaosema: ikiwa ukweli ndio unaotakiwa, ununuliwe mfereji wa kale hasa, uliong'olewa katika nyumba iliyobomolewa. Wazo hili huwavutia washairi. Lakini shaba ya zamani mara nyingi ilitiwa risasi ili ichongeke kwa wepesi, na risasi huingia katika maji, hasa yanayolala ndani ya mfereji usiku kucha. Huwadhuru watoto zaidi ya wote, katika akili zao. Marekani, tangu Januari 2014, inataka sehemu za mfereji zinazogusa maji ya kunywa zisizidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi. Mfereji wa makumbusho na ukae makumbusho. Hapa upya ndio uaminifu, na umri ndio hadaa.

Yamebaki ya fundi. Mfereji uliopakwa kromu juu ya chuma rahisi cha zinki huchubuka kwa hewa ya chumvi, kisha hauna dawa. Shaba tupu isiyopakwa kitu itageuka rangi katika miezi ya kwanza, itatoka madoa, na wengi hukasirika wakadhani wamepunjwa. Wapwani waliokulia karibu na madele ya kahawa na masinia ya shaba wanajua kuwa ndimu na majivu humaliza shauri hilo. Washa ya mpira italika. Itaanza kuvuja tone moja kila sekunde, yaani matone 86,400 kutwa kucha, kutoka katika tangi lililojazwa kwa taabu. Ila huyu anatengenezeka: maji hufungwa, kishikio hufunguliwa kwa spana, washa hutolewa, nyingine huwekwa, na ikikosekana dukani fundi huikata katika mpira wa gurudumu la baiskeli. Visahani vya kauri vikipasuka hutaka kipuri cha kiwanda kile kile, cha ukubwa ule ule, nacho hakipatikani Darajani. Kwa hiyo mwenye kununua na aulize bei ya mifereji miwili pamoja na washa kumi na mbili za akiba, azitie katika mkebe, na mkebe auweke chini ya sinki mahali ambapo msichana wa kazi pia anapajua.